Je, wajua kwa nini injini ya mvuke ililima shamba bila kuingia shambani?

Mtu anayetazama picha za kilimo cha Uingereza za miaka ya 1870 huenda akadhani mpiga picha amekosea. Plau kubwa ya chuma inakata ardhi katikati ya shamba, juu yake ameketi mtu anayeshika usukani, lakini mbele yake hakuna farasi, hakuna ng'ombe, wala hakuna mashine yoyote inayoikokota. Ukitazama kwa makini ndipo unapoiona kamba nyembamba ya waya wa chuma ikiambaa juu ya udongo hadi ukingoni mwa shamba, ambako injini ya mvuke imesimama ikitoa moshi. Kwenye ukingo wa pili, mita mia tatu au mia nne kutoka hapo, imesimama injini nyingine kama hiyo.

Sisi tuliozoea trekta tunajiuliza swali la wazi: ikiwa injini ilikuwa na magurudumu na iliweza kujiendesha yenyewe barabarani, kwa nini haikufungiwa plau nyuma ikaingia shambani kulima?

Jibu linaanzia kwenye maji. Lita moja ya maji ikigeuka mvuke katika hewa ya kawaida hujaza nafasi ya zaidi ya lita 1,600, na nguvu ya injini ya mvuke hutokana na kuubana mvuke huo ndani ya boila na kuuachia kidogo kidogo usukume pistoni. Boila inayostahimili mgandamizo huo bila kupasuka lazima iwe ya bamba nene la chuma. Ongeza maji yaliyomo ndani yake, tanuri, makaa ya mawe, tangi la maji ya akiba, na magurudumu ya chuma yenye kimo cha mtu, na utapata mtambo wa tani 14, na katika miaka ya baadaye zaidi ya tani 20. Tani 18 ni sawa na tembo dume watatu wakubwa waliopandana. Barabara iliyoshindiliwa kwa mawe iliuhimili uzito huo. Udongo wa mfinyanzi wa Uingereza, ambao kwa sehemu kubwa ya mwaka huwa umelowa, haukuuhimili.

Mtambo huo ulipoingia shambani, mambo mawili yalitokea. La kwanza ni kwamba ulididimia, na kila uliposogea ilikuwa kama unapanda kutoka katika shimo ulilojichimbia wenyewe, hivyo sehemu kubwa ya nguvu yake iliishia kuusogeza mwili wake na plau ikabaki na kilichosalia. Yeyote aliyewahi kuona trekta limenasa katika udongo mweusi wa mbuga wakati wa masika ataelewa bila kuelezwa zaidi. La pili lilikuwa baya kuliko la kwanza kwa mkulima: magurudumu yaliushindilia udongo hadi chini kabisa, ambako plau haifiki, na udongo ulioshindiliwa haupitishi maji wala hauruhusu mizizi kupenya. Kulima kwa namna hiyo kungekuwa sawa na kulegeza ardhi kwa mkono mmoja na kuikanyaga kwa mguu.

Hata hivyo haja ya mashine ilikuwa kubwa, kwa sababu kulima kwa farasi ni kazi ya kuchosha kuliko inavyodhaniwa. Mfuo mmoja wa plau ya farasi una upana wa sentimita 23 hivi, na ukipiga hesabu utaona kwamba kuimaliza eka moja kunamtaka mkulima atembee takriban kilometa 17 na nusu nyuma ya plau yake, bila kuhesabu kona. Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi ya siku nzima ya mtu mmoja na farasi wawili.

Aliyelitatua fumbo hili hakuanza na kulima. John Fowler, aliyezaliwa mwaka 1826 katika mji wa Melksham, alizuru Ireland mwaka 1849, taifa hilo likiwa katika njaa kuu, akaona jinsi maeneo mapana yalivyoshindwa kulimwa kwa sababu ya maji yaliyotuama. Alitengeneza plau ya kuchimba njia za kutolea maji chini ya ardhi, ambayo ilihitaji nguvu nyingi kiasi kwamba aliikokota kwa kamba na winchi, yaani gurudumu la kuviringishia kamba. Kutoka hapo hatua iliyofuata ilikuwa fupi: kama winchi inaweza kuvuta chombo kizito namna hiyo, basi mvuke nao unaweza kuizungusha winchi huku injini yenyewe ikikaa pahali pakavu. Chama cha Kifalme cha Kilimo cha Uingereza kilikuwa kimeahidi zawadi ya pauni 500 kwa yeyote ambaye mashine yake ya mvuke ingelima kwa unafuu kuliko farasi, na mwaka 1858, katika maonyesho ya mji wa Chester, Fowler aliichukua zawadi hiyo. Kiwanda chake kilijengwa Leeds. Yeye mwenyewe hakukifaidi kwa muda mrefu, kwani mwaka 1864 alianguka kutoka juu ya farasi akiwa mawindoni, akapatwa na pepopunda, akafariki akiwa na umri wa miaka 38. Ni ajabu kwamba mtu aliyetumia maisha yake kuwaondoa farasi shambani aliuawa na farasi.

Mfumo uliokomaa ulifanya kazi hivi. Chini ya tumbo la kila injini palilazwa gurudumu kubwa la winchi lililozungushiwa kamba ya waya. Injini ya upande mmoja ilivuta plau kuelekea kwake huku ya pili ikiachia kamba yake polepole; plau ilipofika, dereva alipiga king'ora cha mvuke, na mwenzake wa upande wa pili, ambaye pengine hakuweza hata kuiona plau kwa sababu ya ukungu au mwinuko wa ardhi, alijua sasa ni zamu yake kuvuta. Injini iliyomaliza zamu ilisogea mbele hatua chache tu kando ya shamba, kiasi cha upana wa sehemu iliyolimwa. Hapo uzito uliokuwa balaa shambani ukawa faida, kwa sababu ni uzito huohuo ulioizuia injini isiburutwe na kamba yake yenyewe.

Plau nayo ilikuwa kazi ya ufundi wa hali ya juu. Iliundwa kama pembea ya ubao ya watoto, magurudumu yakiwa katikati na majembe manne, matano au sita kila upande. Upande mmoja ukiwa umezama ardhini, mwingine ulining'inia hewani. Plau ilipofika mwisho haikugeuzwa kamwe: mlimaji alihamia kiti cha upande wa pili, upande uliokuwa juu ukashushwa, na safari ya kurudi ikaanza. Majembe ya upande mmoja yaligeuzia udongo kulia na ya upande wa pili kushoto, kwa hiyo mifuo yote ililala kuelekea upande mmoja, kama vile plau ilikuwa ikienda njia moja tu.

Wakulima wachache waliweza kununua injini mbili. Wengi waliwakodi makandarasi waliozunguka kutoka shamba hadi shamba na kulipwa kwa eka, wakiwa na kikosi cha msimamizi, madereva wawili, mlimaji na kijana wa kupika, wote wakilala katika kibanda cha magurudumu kilichokokotwa nyuma ya injini.

Mfumo huu ulifika hata Afrika. Mwaka 1863, vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vikiwa vimekatiza pamba iliyokwenda viwanda vya Ulaya, mhandisi Mjerumani Max Eyth alipelekwa na kampuni ya Fowler nchini Misri kuhudumu katika mashamba ya Halim Pasha, mwanamfalme wa huko, ambako mvuke ulitumiwa kulima ardhi ya pamba ya bonde la Nile, ingawa makaa ya mawe yalilazimika kuletwa kwa meli.

Je, hakuna mahali popote ambapo injini ya mvuke iliburuta plau kama trekta? Palikuwapo. Katika mbuga za nyasi za Marekani na Kanada udongo ulikuwa mkavu, mgumu na ulioshikwa na mizizi ya nyasi za miaka mingi, na mashamba hayakuwa na ua wala mwisho unaoonekana. Huko injini kubwa, kama zile za kampuni ya Case ya Racine, jimbo la Wisconsin, zilikokota moja kwa moja plau zenye majembe zaidi ya kumi, na pale palipokosekana kuni na makaa, nyingine zilichoma mabua ya ngano. Hatari yake ilikuwa kwenye miteremko: injini ikiinama, maji hukimbilia mbele ya boila na kuacha dari ya tanuri bila maji, na chuma kikavu juu ya moto mkali hulainika na kupasuka. Ndiyo maana dari hiyo ilitobolewa na kuzibwa kwa plagi yenye metali laini ya risasi, ambayo iliyeyuka kabla ya chuma kulainika, ikaachia mvuke uingie tanurini na kuufifisha moto.

Kilichoiondoa mvuke ni wepesi. Trekta la Fordson la mwaka 1917 lilikuwa na uzito wa zaidi kidogo ya tani moja, halikuhitaji saa kadhaa za kuchemsha maji kabla ya kazi kuanza, na mtu mmoja alilitosha. Plau za pembea zikaachwa zishikwe na kutu. Baadhi ya injini zenyewe, hata hivyo, zilipata kazi nyingine Uingereza kwa miongo kadhaa zaidi: zilisimamishwa kwenye kingo mbili za bwawa au ziwa dogo, zikafungiwa beleshi kubwa la chuma kwenye kamba zilezile, zikazoa tope kutoka chini ya maji.