Farasi mwitu na sindano ya uzazi wa mpango: yanayosemwa na yalivyo

"Si wawahasi madume tu?"

Hili ndilo swali la kwanza hapa Dodoma mtu akisikia kwamba Marekani farasi mwitu wanadungwa sindano ya kuzuia mimba. Ajabu ni kwamba hata waliokulia zizini wanauliza. Mfugaji wa Kongwa huhasi madume wengi wawe maksai wa kulimia, anabakiza fahali mmoja, na ng'ombe wake wanazaa kama kawaida. Kwa farasi ni yaleyale: dume mmoja akikosa kuhasiwa, anapanda majike kadhaa. Kwa hiyo sindano wanapigwa majike, mara nyingi kwa kishale cha bunduki maalumu, hukohuko malishoni, bila kukamatwa.

"Inawatia utasa, ni homoni kali."

Chanjo inayotumika sana, PZP, si homoni. Ni protini inayotolewa kwenye mayai ya nguruwe (jamaa zangu wa Kondoa wataguna, lakini hapa hakuna anayeila). Ikiingia mwilini, mwili wa farasi unatengeneza kinga inayolizunguka yai, na mbegu ya dume haipenyi. Nguvu yake ni ya mwaka mmoja hivi, kisha inarudiwa. Ila ukweli usemwe wote: jike aliyechanjwa miaka mingi mfululizo huchelewa kurudi kuzaa, na wengine hawarudi kabisa.

"Wakichanjwa, kundi linapungua mara moja."

Wapi! Chanjo haimwondoi farasi aliyekwisha kuzaliwa. Kisiwani Assateague, pwani ya mashariki ya Marekani, walianza mwaka 1994 na idadi ilichukua miaka mingi kushuka. Tena jike asiyebeba mimba na kunyonyesha kila mwaka hunenepa na kuishi zaidi. Wapo waliovuka miaka 25.

"Waachwe, wataji­panga wenyewe."

Nyika za magharibi mwa Marekani hazina simba wa kuwapunguza kama pundamilia wetu, na sheria ya 1971 inawalinda. Kundi laweza kuongezeka hadi asilimia 20 kwa mwaka, yaani kuwa maradufu ndani ya miaka minne au mitano. Malisho na maji hayaongezeki hivyo.

"Basi na punda wetu wadungwe."

Wa nini? Punda wa huku wana wenyewe, wanabeba maji na mkaa, na jike hubeba mimba miezi 12 hivi apate mtoto mmoja. Kilichowatishia ni biashara ya ngozi, iliyopigwa marufuku na Umoja wa Afrika Februari 2024.