Usahaulifu Mdogo Katika Uzee Mkubwa: Dhana Potofu na Ukweli

Wengi huamini kwamba mtu akishavuka miaka 85, kusahau ni sehemu yake na hakuna haja ya kumsumbua kwa vipimo. Ni kweli kwamba akili hupungua kasi kadiri umri unavyosonga, lakini kukawia kukumbuka jina la mtu si sawa na kusahau kabisa mazungumzo ya asubuhi ileile. Hendrikje van Andel-Schipper wa Uholanzi, aliyefariki mwaka 2005 akiwa na miaka 115, alipimwa akiwa na miaka 112 na akili zake zilikuwa timamu. Ubongo wake ulipochunguzwa baada ya kifo, dalili za Alzheimer, ugonjwa unaoharibu ubongo na kumbukumbu, zilikuwa chache mno.

Dhana ya pili, ambayo kwa maoni yangu ina madhara zaidi, ni kwamba demensia pekee (kupungua kwa akili kiasi cha kushindwa shughuli za kila siku) ndiyo hufupisha maisha, na kwamba upungufu mdogo wa kumbukumbu na kufikiri hauna uzito. Tafiti za wazee sana zinaonyesha kuwa hata wenye upungufu mdogo hufariki mapema, kwa wastani, kuliko wenzao wa rika lao ambao akili zao hazijatetereka. Si kwamba usahaulifu wenyewe unaua. Shinikizo la damu na kisukari huharibu mishipa ya ubongo na ya moyo kwa pamoja, kwa hiyo kinachoonekana katika kumbukumbu huenda kikawa ishara ya hali ya mwili mzima. Tena anayesahau hukosea dawa, hula kidogo, huanguka, au hushindwa kumweleza daktari anapoumwa. Hata hivyo wastani wa kundi hautabiri siku za mtu mmoja, na alama za chini katika kipimo zinaweza kutokana na macho hafifu au kutosoma shule.

Wengine hudhani upungufu huu mdogo lazima iishie kwenye demensia. Baadhi ya wazee hubaki walivyo kwa miaka, na wengine hurejea katika hali ya kawaida, hasa pale chanzo kinapokuwa upungufu wa vitamini B12, hitilafu ya tezi ya shingo, sonona, au dawa za usingizi.

Kuchanganyikiwa kunakozuka ghafla, ndani ya saa au siku chache, ni jambo jingine kabisa: mara nyingi huletwa na maambukizi, na mzee huyo anapaswa kufikishwa hospitali siku hiyohiyo.