Je, wajua namna ya kutofautisha sarafu iliyokosewa kiwandani na iliyoharibiwa mtaani?

Mwaka 1947, mvulana mmoja wa Massachusetts, Marekani, alikuta kwenye chenji yake senti moja ya 1943 yenye rangi ya shaba. Januari 2019 senti hiyo iliuzwa mnadani kwa dola 204,000. Thamani yote ilitokana na kosa. Mwaka 1943 shaba ilihitajika vitani, kwa hiyo senti za Marekani zilitengenezwa kwa chuma kilichopakwa zinki. Inaaminika visahani vichache vya shaba (vipande vya mviringo ambavyo havijapigwa chapa) vya mwaka uliotangulia vilisalia kiwandani vikapigwa chapa pamoja na vya chuma.

Bei kama hiyo huvuta matapeli. Wapo wanaochovya senti ya chuma ya 1943 katika shaba. Senti hiyo, sumaku huiumbua papo hapo, kwani shaba haishikwi na sumaku. Mizani nayo husema: ya shaba ina gramu 3.11, ya chuma 2.7 hivi. Wajanja zaidi huchukua senti ya 1948, ambayo ni ya shaba kweli, wakachonga upande wa kushoto wa 8 ibaki 3. Hapo sumaku na mizani havisaidii kitu, inabidi ushike lenzi. Tarakimu 3 ya 1943 ina mkia mrefu unaoshuka chini kuliko tarakimu nyingine. Nane iliyochongwa haina mkia huo.

Mimi huona swali moja linatosha kuanzia: mashine ingewezaje kufanya hivi? Kosa la kweli hutokea wakati muhuri unaopiga chapa unatengenezwa, au kisahani kinapokatwa, kinapoinuliwa ukingo au kinapopigwa chapa. Lolote linaloipata sarafu baada ya hapo, liwe nyundo, moto au gurudumu la treni, ni uharibifu tu.

Chukua sarafu iliyomegeka ukingoni kama chapati iliyong'atwa. Kiwandani hutokea pale kikatio kinapoangukia sehemu ya bamba ambayo tayari ina tundu. Kisahani chenye pengo hakibanwi sawasawa kinapoinuliwa ukingo, hivyo mara nyingi ukingo ulio mkabala na pengo hutoka dhaifu. Aliyekata kwa tupa nyumbani huacha ukingo wa upande wa pili ukiwa mzima kabisa.

Sarafu yenye maandishi ya nyongeza yaliyogeuka na kudidimia pia huwadanganya wengi. Mara nyingi mtu amebana sarafu mbili kwenye jiliwa, na ukigeuza utaona upande wa nyuma umesagika.

Kinachosumbua zaidi ni maandishi yanayoonekana mara mbili. Senti maarufu ya 1955 ilipata sura hiyo kwa sababu muhuri wenyewe ulichorwa mara mbili kwa pembe tofauti kidogo, kwa hiyo kila senti iliyopigwa nao ilirithi kosa hilo. Zaidi ya 20,000 zilifika mikononi mwa watu. Nakala zote mbili za kila herufi zina kimo kamili, na ncha za herufi zimegawanyika wazi. Muhuri uliolegea, ukatikisika baada ya kupiga, huacha kitu kingine: kivuli bapa, cha chini, kilichokwangua herufi na kuipunguzia unene. Wakusanyaji hawakilipii zaidi ya thamani ya kawaida, na ndicho kinachouzwa mtandaoni kila siku kwa jina la kosa adimu.