Lepidopterist: silabi si mofimu

Mtaalamu wa vipepeo na nondo kwa Kiingereza huitwa lepidopterist. Ni neno adimu, na wengi wakikutana nalo hulikata pasipostahili.

Dhana: Ukishagawa silabi, umepata na mofimu, yaani vipande vidogo kabisa vya neno vyenye maana.

Hapana. Silabi ni tano: le-pi-dop-te-rist. Mofimu ni tatu: lepido, pter na ist. Zote zina asili ya Kigiriki; mbili za kwanza maana yake ni gamba na bawa. Ya mwisho humtaja mtu anayeshughulika na jambo. Ukimshika kipepeo, vidole hubaki na unga. Unga huo ni magamba madogo mno ya bawa, na ndiyo yaliyomfanya Linnaeus, mwanasayansi wa Sweden aliyeainisha viumbe, aliite kundi zima Lepidoptera.

Sasa itazame pter kwa makini. P imefunga silabi ya dop, te imesimama peke yake, r imehamia kwenye rist. Mofimu moja, silabi tatu! Na jambo hili si geni kwetu: mpishi tunatamka m-pi-shi, ilhali mzizi wake ni -pik-.

Dhana: P hiyo haitamkwi, kama ilivyo katika pterodactyl, mtambaazi wa kale aliyeruka.

Inatamkwa, tena wazi. Silabi ya Kiingereza haianzi kwa pt, kwa hiyo mwanzoni mwa neno p hukosa pa kukaa na huachwa. Katikati ya lepidopterist imetanguliwa na irabu, ikapata nafasi mwishoni mwa dop. Kwangu mimi hapa ndipo utamu wa neno hili ulipo.

Dhana: Mkazo huwa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho.

Hayo ni mazoea ya Kiswahili. Hapa mkazo uko kwenye dop, ya tatu kutoka mwisho. Wala usihesabu silabi kwa herufi za irabu: made ina mbili lakini ni silabi moja, rhythm haina a, e, i, o wala u, nayo ina silabi mbili.

Dhana: Helicopter ni heli na copter.

Ni helico, yaani msokoto, na pter ileile ya kipepeo. Mfaransa Gustave Ponton d'Amécourt ndiye aliyeunda hélicoptère mwaka 1861. Wazungumzaji wa Kiingereza baadaye walilikata pale silabi inapoishia, wakapata heliport (uwanja wa helikopta), neno ambalo leo ni halali kabisa kwenye kamusi.