Je, wajua usukani hunyooshwa na nini ukitoka kwenye kipilefti?

Ukitoka kwenye kipilefti cha Impala hapa Arusha kuelekea Njiro, kuna jambo unalifanya bila kulifikiria. Unalegeza vidole, na usukani unateleza kwenye viganja ukirudi katikati wenyewe. Sasa panda Land Cruiser ya utalii iliyonyanyuliwa ili ipite kwenye tope na mawe. Nyingi za hizo haziurudishi. Dereva anauzungusha kwa mikono yote miwili, na akishafika ile barabara nyoofu ya Makuyuni kwenda Mto wa Mbu, gari linatangatanga, kidogo kulia, kidogo kushoto, analichunga kama mtoto anayejifunza kutembea.

Kwa miaka mingi niliamini kwamba ndani ya boksi la stelingi, lile la gia linalopeleka mzunguko wa usukani kwenye magurudumu, kuna springi inayourudisha usukani. Sikuwa peke yangu. Waulize abiria watano, watatu watakwambia hivyo hivyo. Wazo lenyewe lina mantiki yake, maana kitu ukikivuta kikarudi, akili inakimbilia springi. Basi mjomba alipoinua Land Cruiser yake, ile aina tunayoiita mkonga kwa sababu ya bomba la hewa linalopanda pembeni ya kioo, akaongeza sentimita 5 na usukani ukaacha kurudi, nilimwambia kwa kujiamini kabisa kwamba boksi limechoka. Boksi likabadilishwa. Kilichopungua ni pesa za mjomba tu. Usukani ulibaki vilevile.

Laiti ningefanya majaribio mawili ya bure. La kwanza: gari likiwa limesimama na injini inanguruma, zungusha usukani nusu mzunguko, kisha uachie. Utacheza kidogo kwa sababu mpira wa tairi ulikuwa umejipinda, halafu utabaki hapo hapo. Springi isingesubiri gari litembee ndipo ifanye kazi. Jaribio la pili ndilo lililonimaliza: katika uwanja mpana usio na watu, rudi nyuma polepole huku mikono ikiugusa usukani kwa mbali. Badala ya kutafuta katikati, usukani unataka kukimbilia mwisho, upande wowote ulioanza kuelekea. Springi haijui mbele wala nyuma. Kinachounyoosha usukani, basi, ni kitu kinachojua gari linaelekea wapi.

(Kwa kujitetea kidogo: boksi la stelingi ya pawa ya mafuta lina kijiti cha chuma kinachojipinda na kujinyoosha. Lakini kazi yake ni kurudisha vali katikati, magurudumu hayakihusu. Na magari mapya yenye stelingi ya umeme, baadhi yake yana mota inayosaidia kurudisha usukani kweli. Mkonga wa mjomba hauna habari hizo.)

Kitu chenyewe mafundi wanakiita kasta. Gurudumu la mbele la gari hili hugeuka kwa kuzunguka kingpini mbili, yaani pini fupi za chuma, ya juu na ya chini. Chora mstari wa kufikirika upite kwenye zote mbili uendelee mpaka ardhini. Mstari huo haukusimama wima. Umelala kidogo, kichwa kikiegemea nyuma ya gari na mguu ukitangulia mbele, na mlalo huo ndio kasta. Kwa hiyo unagusa lami mbele kidogo ya pale tairi linapoigusa.

Mfikirie mbuzi aliyefungwa kamba shingoni. Ukimvuta atagoma na kulalamika, lakini mwili wake utajipanga nyuma ya kamba, apende asipende. Msukume kwa nyuma uone: kichwa kinakwenda huku, kiuno kule. Ule umbali mdogo kati ya mstari wa kingpini na mguso wa tairi ndiyo kamba. Gari likienda mbele, mstari unatangulia na tairi linaburutwa nyuma yake, kwa hiyo linajinyoosha. Ukirudi nyuma, mbuzi anasukumwa. Magurudumu ya toroli la supamaketi hufanya vivyo hivyo, na ndiyo maana hugeuka yote kwa pamoja unapobadilisha mwelekeo.

Mfano unaopendwa zaidi ni uma wa baiskeli, nami nauogopa kidogo. Mwaka 2011 watafiti, wakiwemo wa vyuo vikuu vya Delft na Cornell, walionyesha katika jarida la Science baiskeli ya majaribio ambayo haikutegemea kasta wala nguvu ya mzunguko wa magurudumu, na bado ilijisimamisha ikienda bila mtu. Baiskeli, kumbe, ina siri zaidi ya moja. Tubaki na mbuzi.

Kwa upande wa magari wazo hili ni la zamani. Mfaransa Arthur Krebs aliliweka kwenye hati ya hataza mwaka 1896.

Kinachonishangaza mpaka leo ni udogo wa hiyo kamba. Tairi la 7.50R16, linalovaliwa na mikonga mingi, lina nusu kipenyo cha karibu sentimita 40. Kasta ya ekseli nzima ya aina hii, yaani mhimili mmoja unaobeba magurudumu yote mawili ya mbele, ni kama digrii 3. Piga hesabu, unapata sentimita 2. Gari la zaidi ya tani mbili, na wageni na mahema juu, linanyooshwa na umbali wa upana wa kidole gumba!

Sasa tuone kunyanyua kunafanya nini. Kwenye Land Cruiser zenye springi za koili mbele (mikonga mikubwa ilizipata mwaka 1999), ekseli inashikwa na mikono miwili mirefu ya chuma inayotoka kwenye ekseli kwenda nyuma hadi kwenye chasisi. Kila mkono umefungwa kwenye ekseli kwa bolti mbili, moja mbele na moja nyuma, hivyo mkono ukiinama ekseli nayo inazunguka. Chukua mwiko, ulaze mezani mpini ukiwa upande wako, na ubandike njiti ya kiberiti wima kwenye kichwa chake. Njiti ndiyo kingpini. Kunyanyua gari kunaiacha ekseli chini pamoja na matairi, lakini chasisi inapanda na ncha ya nyuma ya mikono. Inua mpini wa mwiko, utaona njiti inainama kwenda mbele. Kama mkono una urefu wa mita 1, sentimita 5 zinauzungusha karibu digrii 3. Mikono halisi hutofautiana, kwa hiyo hayo ni makadirio, lakini tatu toa tatu haihitaji kikokotoo. Mbuzi amekatiwa kamba.

Haimaanishi kwamba usukani utakufa kabisa. Kingpini zimeinama pia kuelekea ndani, na tairi linalokata kona huusukuma usukani urudi kwa sababu ya jinsi mpira wake unavyojipinda. Ndiyo maana gari lenye kasta sifuri bado hurudi kidogo, kivivu.

Na alaimenti? Baada ya boksi, tulikwenda alaimenti, yaani kupimiwa pembe za magurudumu, mara mbili. Mashine hupima tou (matairi yanavyoelekea ndani au nje ukiyatazama toka juu), kemba (yanavyoegemea ndani au nje ukiyatazama toka mbele) na kasta, lakini kwenye ekseli nzima inayorekebishwa ni tou peke yake, kwa kuzungusha tairodi, fimbo inayounganisha magurudumu mawili ya mbele. Karatasi ilitoka tou ikiwa ya kijani na kasta ikiwa nyekundu. Fundi akatuambia nyekundu ile tusiihofu, magari yaliyoinuliwa yote yako hivyo. Hakusema uongo. Prado ni kesi nyingine, kwa sababu kila gurudumu la mbele lina mikono yake na mashine inapata pa kushika, mpaka marekebisho yaishe.

Jambo jingine lisichanganywe na hili: ule mtetemeko mkali unaoushika usukani kwa ghafla ukipita shimo. Huo mara nyingi hutoka kwenye bushi (vile vipande vya mpira kwenye maungio) zilizolegea, beringi au tairi lisilo na balansi, na kasta ikizidishwa inaweza hata kuuchochea. Kufunga dampa mpya ya stelingi, kile kizuia mtikisiko, huuficha kwa muda.

Dawa ya mkonga wa mjomba ilikuwa bushi ambazo tundu lake halikukaa katikati. Zikipigwa kwenye mikono, zinaizungusha ekseli na kuirudishia digrii zake chache. Kwenye springi za bapa, zile zilizopangwa kama kurasa, fundi huweka kabari ya chuma kati ya springi na ekseli. Ila ekseli ikizungushwa, pua ya difu, lile boksi la gia la ekseli, nayo inainama chini na kona ya propela, shafti inayoipelekea nguvu, inakuwa kali zaidi. Sasa mjomba akitoka kipilefti usukani unarudi wenyewe, na akifika kilomita 80 kwa saa anasikia mvumo mdogo chini ya miguu ambao zamani haukuwepo. Hajaniuliza unatoka wapi. Safari hii aliuliza gereji kwanza.