Breki ya mbele ya baiskeli si adui mlimani

Kuna ujumbe unaozunguka kila mara kwenye makundi ya WhatsApp hapa Dodoma: ukiteremka mlima kwa baiskeli usiguse breki ya mbele, itakubwaga, shika ya nyuma tu. Si kweli. Kwenye miteremko kama ya Nyang'oro, njia ya Iringa kupitia Mtera, ushauri huo unaweza kuua.

Unapofunga breki, uzito husogea mbele. Tairi la nyuma huwa jepesi na kuteleza. La mbele ndilo linaloshika barabara. Jaribu mwenyewe uwanjani: sukuma baiskeli tupu kwa mkono. Bana breki ya nyuma, tairi litaburuzika. Bana ya mbele, itasimama papo hapo, na nyuma kutaka kunyanyuka.

Hapo ndipo hofu inapoanzia, maana wapo waliobwagwa kweli. Kinachobwaga ni kubana ghafla, au kubana katikati ya kona yenye changarawe. Bana zote mbili taratibu, kabla ya kona, mwili ukiurudisha nyuma kidogo. Raba za breki zikiwa zimeisha, shuka ukokote, hasa ukiwa na gunia la mkaa.

Ujumbe huo ukikufikia, tafadhali usiusambaze. Mwombe aliyekutumia ajaribu uwanjani kwanza.