Ikisiri haitunzi siri

Mara ya kwanza kukutana na neno ikisiri nilidhani ni kosa la chapa. Nilikuwa mwanafunzi, nimefungua jarida la kitaaluma la Kiswahili, na chini ya jina la mwandishi neno hilo limekaa peke yake kwa herufi nzito, likifuatwa na aya moja iliyobanana. Nikahisi ni jambo la kisirisiri. Leo ni mhariri, na bado napokea kazi za watu wanaoiandika ikisiri, yaani ile aya fupi ya mwanzo inayosema makala imegundua nini, kana kwamba walihisi hivyohivyo.

Tuna muhtasari, tuna ufupisho. Ikisiri ya nini tena? Muhtasari, kutoka Kiarabu mukhtasar, yaani kilichofupishwa, umeshabebeshwa mizigo mingi. Redioni kuna muhtasari wa habari, katibu huandika muhtasari wa kikao, na mwalimu wa Tanzania akiutaja huenda anamaanisha mpango mzima wa mada za somo lake. Ufupisho nao unanukia chumba cha mtihani: kifungu hiki hapa, kipunguze kwa maneno yako. Unapunguza ya mwenzio. Ikisiri huandikwa na mwenye makala mwenyewe, hukaa mwanzoni ingawa busara ni kuiandika mwisho, na huanika alichokipata.

Hapo kwenye kuanika ndipo penye kazi, hasa kwetu sisi wahakiki wa fasihi. Tuseme makala inahusu taswira ya bahari katika mashairi fulani. Naletewa: "Ikisiri hii inalenga kuchunguza taswira ya bahari na kutoa mapendekezo." Ikisiri haichunguzi kitu, iliyochunguza ni makala. Na hiyo bahari imekutwa ikifanya nini? Kimya. Ningeridhika na hili: "Makala inaonesha kwamba bahari katika mashairi haya ni njia kwa wanaume wanaosafiri, na ni ukuta kwa wake wanaobaki." Sasa nataka kuuona ushahidi, au nibishe.

Nadhani wengi huichanganya na maelezo ya jalada la nyuma la riwaya. Yale yana haki ya kunyamaza: muuaji akitajwa pale, nani atanunua kitabu?

Kisarufi haina usumbufu, ni ngeli ya I-ZI: ikisiri hii, ikisiri hizi. Kompyuta ikiipigia mstari mwekundu, iache ipige.